Jua Juu ya Mkate wa Posa

Alhamisi, 20 Septemba 2018. Gevgelija, Makedonia, mpakani na Ugiriki.

Wagiriki wanakuja Jumamosi kumposa Kalina! Binti yangu ni daktari wa meno. Mchumba wake, Lefteris, alivuka mpaka kuja kung'olewa jino, akawa anarudi kuziba mengine ambayo hayakuwa na shida yoyote. Kijana safi. Shida ni baba yake, Pandelis. Mwezi uliopita aliniambia usoni kwamba Makedonia ni kwao, Aleksanda Mkuu, yule mfalme wa kale, ni wao, na sisi tuitafutie nchi yetu jina lingine. Mke wangu Ruža kaniapisha: usitaje Aleksanda, usitaje jina la nchi. Nimeapa.

Kuhusu mkate sikuapa.

Jumamosi, 22 Septemba, asubuhi.

Posa hapa ni mkate. Wachumba wanauvuta, huyu huku, yule kule. Ukikatika, wazee wanapeana mikono, kwisha. Bila mkate hakuna posa.

Ruža kakanda, katoka uani kuchoma pilipili hoho. Nikaingia jikoni na uma. Nimechora juu ya mkate lile jua la kale la Makedonia lenye miale kumi na sita, ambalo wao wanasema lao na sisi tunasema letu, hadi tukalazimishwa kulitoa kwenye bendera yetu. Nikauoka mwenyewe, nikaufunika kitambaa. Ruža akanishukuru. Eti leo angalau nimesaidia!

Jumamosi, jioni.

Balaa.

Kitambaa kimefunuliwa. Pandelis kauangalia mkate, kaniangalia mimi. Kiswahiba kabisa akaniuliza: mkwe, nchi yangu umeshaiiba, sasa unaipika? Nami, mdomo huu! Nikamjibu kama ni yako mbona imeiva kwangu. Akavaa koti. Mkewe Evanthia akamfuata na sinia la keki, hata halijafunguliwa. Lefteris kaondoka akiwa wa mwisho, anageuka kila hatua.

Kalina kaniuliza swali moja tu: baba, anayeolewa ni mimi au wewe? Kajifungia chumbani.

Jumapili, 23 Septemba.

Kalina hali wala hanywi. Ruža anaongea na pilipili hoho, na mimi hapana. Kanisani nimesimama nyuma kabisa. Nimekiri kwa Mungu kwamba nilijua. Nilijua toka nimeshika uma. Nilitaka kumwona yule mzee anavyobadilika rangi, na mwanangu nilimsahau kabisa. Mtu mzima mimi! Aibu.

Jumanne, 25 Septemba.

Nimekanda mkate kwa mikono yangu. Mara ya kwanza maishani. Mtupu, hauna hata alama ya kidole. Ruža kachungulia, kacheka kidogo. Dalili njema.

Mpakani askari wa Kigiriki kanipa stika nifunike herufi za nchi yetu kwenye namba ya gari, maana jina hilo hawalitambui. Siku nyingine ningemhutubia. Leo nimebandika, nikasema asante. Hata yeye kashangaa.

Nyumbani kwake, Pandelis kafungua mlango, kakunja mikono kifuani. Nikasema nimekosa, na kosa ni langu, si la mtoto. Nikampa mkate. Akaupima mkononi. Akaugonga mezani: ko! ko! Akasema kwa lugha yetu, aliyofundishwa na bibi yake na ambayo huwa haizungumzi mbele za watu: hii sasa ndiyo Makedonia ya kale kweli, ipelekwe makumbusho.

Tukacheka mpaka Evanthia akaja kuangalia nani anakufa. Kumbe na yeye alikuwa amemnunia mumewe tangu Jumamosi. Pandelis akanong'ona: ungechelewa siku moja ningekuja mimi.

Jumapili, 30 Septemba.

Leo nchi nzima inapiga kura kama tubadili jina la nchi. Nimepiga, nimerudi mbio. Wagiriki walishafika! Kalina na Lefteris wamevuta mkate wangu ule mgumu, wapi. Wamevuta tena, Lefteris mguu ukutani. Mwisho Pandelis kashika upande mmoja na mimi mwingine, sote wanne tukavuta, pah! Tumeanguka chini. Kalina analia kwa kicheko. Wazee tumepeana mikono tukiwa bado sakafuni. Harusi ni Mei.

Nimemwapia Ruža: sitachora kitu tena juu ya chakula, maisha yangu yote. Nimebadilika.

Ila bibi harusi lazima afike kanisani kwa heshima. Kuna jamaa mmoja huko mjini Valandovo ana farasi mweusi, mkubwa, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, kama yule yule wa Aleksanda. Nimeshampigia simu. Farasi ni farasi tu, Pandelis ataona nini? Nauliza sasa bei ya kofia ya chuma yenye manyoya, kama ya Aleksanda. Ya kwangu mimi, kimya kimya.