Mita Tisa za Hewa Safi

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kitengo cha Hewa Majumbani kilikaa kikao cha siku mbili kikawasahihisha: pafukapo moshi pana upungufu wa mita. Tangazo likabandikwa kwenye kila nguzo ya umeme hadi Old Moshi: "Kila jiko la mlimani litapewa bomba la kukunjika la mita tisa, pamoja na feni yake. Ni marufuku kulikata. Mali ya umma haikatwi."

Bwana Kornel, mkuu wa kitengo, aliliandika tangazo hilo kwa mkono wake, na kila alipolisoma alijiona kama mtu aliyegundua hewa.

Jiko la kwanza lilikuwa la Bibi Eliaichi, mjane ambaye daktari alimwambia kifua chake hakiwezi tena: ama moshi utoke jikoni, ama atoke yeye. Bibi hakuwa na pa kutokea. Kutoka mafiga hadi ukutani ni mita mbili kasoro robo. Mita zilizobaki, mafundi wa kitengo walizizungusha darini, zikaning'inia kama utumbo wa ng'ombe uliotundikwa ukauke. Moshi uliingia kwa nia njema. Ukapita kona ya kwanza, ukapita ya pili, ukakwaruzana na makunyanzi ya ndani ya bomba, ukakata tamaa, ukarudi kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Hewa inaendeleaje?" Bwana Kornel aliuliza siku ya ukaguzi.

"Marahaba. Haiendelei, baba. Imekaa."

Alilitazama bomba kwa macho ya kitaalamu yanayobubujika machozi. "Mita hazitoshi," akasema, na akaongeza tatu.

Wiki hiyo Bibi alipikia kiburu, ndizi zake na maharage, nje kwenye mvua. Mwavuli aliipa sufuria.

Ndipo akamwita Elisifa, fundi bati wa Kirua Vunjo, binti mwenye stashahada na mdomo. Elisifa alilishusha bomba lote, akapuliza ncha moja, akamwambia Bibi aweke kiganja kwenye ncha ya pili.

"Unasikia upepo?"

"Nakusikia wewe unavyohema."

"Basi hata feni inahema hivyo hivyo. Hewa ni kama mtu mwenye mzigo, Bibi. Mpe njia fupi iliyonyooka, atafika. Mpe kona kumi na matuta, atalala njiani."

Akalivuta bomba hadi makunyanzi yakanyooka, akakata mita mbili kasoro robo, akalipitisha moja kwa moja kutoka juu ya mafiga hadi nje. Moshi ukatoka bila kubembelezwa. Siku ile Bibi alishinda jikoni hata baada ya chakula kuiva, kwa ajili ya kukaa tu.

Barua ilifika siku ya tatu. Elisifa alituhumiwa kupunguza maendeleo ya kata kwa mita kumi na robo, akaitwa ofisini Rau. Ofisi hiyo imeegemea banda la nyama choma, na kwa heshima ya cheo ilikuwa na bomba la mita arobaini, lililojaa dari likashukia makabati. Bwana Kornel aliongea kutoka ndani ya moshi wa mbuzi. Ilionekana tai tu.

"Binti, mkoa unataka taarifa ya mita. Niandike nini?"

"Andika Bibi anapumua."

"Kwenye fomu hakuna safu ya kupumua." Akakohoa kwa muda unaostahili cheo chake. "Omba radhi, tufunge shauri, tuliunge bomba la Bibi mita zote kumi na mbili."

"Bibi arudi kupikia mvuani?"

"Mvua haiko chini ya kitengo changu."

Elisifa akaondoka.

Ijumaa akaja mkaguzi wa mkoa, Mama Joyness. Alikaa ofisini dakika nne, akatoka na mtandio puani, akaagiza moshi uwe umetoka ifikapo Jumatatu, la sivyo kitengo kifungwe. Fundi pekee aliyewahi kutoa moshi popote alikuwa Elisifa. Na kanuni, aliyoitunga Bwana Kornel, ilikataza kumpa kazi mtu ambaye hajaomba radhi.

Bwana Kornel akakumbuka mila. Uchagani mkosaji akikuletea jani la isale, huwezi kumnyima msamaha. Kwa kuwa Elisifa alichelewa kulileta, ofisi ilimrahisishia: Bwana Kornel alilichuma mwenyewe kwenye ua wake, akaligonga muhuri, akapanda nalo mlimani mchana kweupe, majirani wakimfuata. Elisifa alikuwa jikoni kwa Bibi, anakunywa maziwa.

"Limeshaandaliwa," akamwambia. "Lishike tu, kisha unikabidhi."

Bibi alilitazama jani, akamtazama aliyelibeba. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Kornel, baba, kumbe ulijua umekosa. Aliyekuja na isale hafukuzwi. Tumekusamehe."

"Hapana, Bibi. Hili ni lake, mimi nimelibeba kwa niaba."

"Isale halibebwi kwa niaba. Kaa, ule."

Majirani wakapiga makofi. Bwana Kornel alitaka kukanusha, lakini muhuri ulikuwa wake. Akakaa. Bila kukusudia akavuta pumzi, ikashuka hadi mwisho, kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo.

"Na wewe basi," akamnong'oneza Elisifa. "Neno moja tu. Ofisi inakufa kwa moshi."

Elisifa akaweka kikombe chini.

"Bomba la Bibi nililikata, na halirudi. Lako ukiniita nitalikata. Radhi siombi."