Katapila Yangu na Majaribio 312

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku njema ya kuanza umaarufu. Mpwa wangu Klementina, mwenye ofisi ya programu za kompyuta hapa Rusimbi, katuita mimi na Mwalimu Gervasi. Sisi ni wawili, nafasi ya kazi ni moja. Kazi: mfumo unaowatumia wavuvi ujumbe waje ghalani Kibirizi kuchukua taa za kuvulia dagaa. Ndani yake kuna majaribio 312, yaani vijiswali ambavyo kompyuta inajiuliza kila tukigusa kitu. Boti imechukua taa tano, imerudisha mbili, inadaiwa ngapi? Jibu likilingana, kijani. Lisipolingana, nyekundu. Sasa majaribio hayo yaliandikwa kwa toleo la zamani la chombo cha kupimia, na toleo jipya haliyasomi. Yahamishwe yote kabla ya Ijumaa, siku ya kuwakabidhi wavuvi mfumo.

Atakayefanya vizuri anabaki. Huyo mwingine Klementina hakumtaja, ila alinitazama mimi, akauliza kama shemeji Melania kule Kalinzi ameshapata mtu wa kumchumia kahawa.

Mimi na kahawa! Mtu niliyewahi kuvuka ziwa kutoka Kalemie, ng'ambo ile, kwa boti yenye injini ya mashine ya kusaga.

Jumanne, 6 Mei

Gervasi, mstaafu wa kufundisha hesabu, anahamisha kwa mkono. Anafungua jaribio moja, analisoma, anatikisa kichwa, analiandika upya, anatia tiki kwenye daftari la mraba, anakunywa chai ya chupa. Kufika adhuhuri, thelathini na nne. Nikamwambia kwa mwendo huo atamaliza wajukuu zake wakiwa wamestaafu. Akasema kila jaribio lina mtu aliyeliandika kwa sababu yake, ni adabu kumsikiliza kwanza.

Adabu. Kwa kompyuta.

Mimi natengeneza programu ya kuhamisha yote kwa mpigo. Penye neno la zamani inaweka jipya, haisimami, haina chai. Nimeiita Katapila. Shule niliishia kidato cha pili, yaliyobaki nimejifunza kwa video za kwenye simu, tena nikizipeleka mbele.

Jumatano, 7 Mei

Katapila imepita. Sekunde nane. Kijani 271, nyekundu 41. Gervasi akachungulia, akasema Injinia, zisome hizo arobaini na moja, huenda zinasema kweli. Wivu mtupu.

Nimekwenda Bangwe kukaa ufukweni na kufikiri. Nikakumbuka enzi zangu za kusuluhisha ugomvi sokoni Ujiji. Nilikuwa namtafuta mwenye sauti kubwa, kisha namshawishi mwenzake akubali. Sikuwahi kushindwa. Basi, jaribio linasema tano, mfumo unasema saba. Mkubwa nani hapo? Mfumo. Katapila ilibadilishe jaribio, nalo liseme saba. Wamepatana.

Alhamisi, 8 Mei

Kijani 312. Kijani kuliko migomba ya Kalinzi. Kwa heshima nilipitia moja, jaribio la 188: siku za mbalamwezi ziitwe boti ngapi? Zamani jibu lilikuwa sifuri. Sasa ni sitini na nne. Maendeleo hayo. Sifuri si namba ya kumwonyesha mteja.

Klementina akauliza, Mjomba, zile nyekundu umezisoma? Nikajibu nimezipatanisha. Akacheka, akidhani natania. Gervasi yuko jaribio la 187.

Ijumaa, 9 Mei

Makabidhiano. Nilivaa shati la krismasi. Wavuvi walinipa mkono mmoja mmoja, nikawaeleza habari za Kalemie. Nafasi nimepata mimi, kiti cha dirishani ofisini ni changu. Gervasi alifungasha chupa na daftari bila kununa, akasema atamalizia nyumbani, kazi akiiacha katikati inamkera. Nilimhurumia. Nikamshauri ajaribu kufuga kuku.

Jumamosi, 10 Mei

Harusi ya nahodha Amuri na binti Yunisi, Bangwe. Harusi za wavuvi huwekwa siku hizi za mbalamwezi, maana kukiwa na mwanga huo dagaa hawafuati taa, na hakuna anayeingia ziwani. Mimi meza ya mbele. Pilau ndiyo kwanza inafunuliwa.

Saa tisa, simu zote zikalia pamoja. Ujumbe: leo unavua, njoo Kibirizi uchukue taa, ikifika saa kumi hujaja anapewa mwingine. Nilitambua maandishi ya mfumo wetu, nikajivunia kidogo. Kisha manahodha wakaanza kusimama. Hakuna aliyeuamini ujumbe, lakini hakuna aliyetaka taa zake ziende kwa jirani. Amuri naye akasimama na suti yake. Yunisi akamuuliza mbele ya wakwe kama amemuoa yeye au ameoa taa. Amuri akasema mke wangu, narudi sasa hivi. Yunisi akasema nenda, na mimi nitakuandikisha ghalani pamoja na hizo taa.

Manahodha sitini na nne mlangoni Kibirizi, mlango una kufuli. Mtunza ghala, Dotto, alikuwa kule kule harusini, sahani mkononi.

Klementina akanipigia. Alikuwa na swali moja tu: Mjomba, jaribio la mbalamwezi lilisemaje? Nikasema lilikuwa linabishana na mfumo, nikalituliza. Akakata simu, nikadhani salio limekwisha.

Tukakutana ofisini, Gervasi akaja na daftari. Mstari wa 188, ameandika jana jioni kwa kalamu nyekundu: kalenda mpya ya mbalamwezi ndani ya mfumo ina kosa, jibu lisibadilishwe, nimuone Klementina Jumatatu. Akaitengeneza kalenda pale pale, chai yake haijapoa. Amuri alirudi akakuta sufuria limeshaoshwa.

Jumatatu, 12 Mei

Klementina hakunifokea. Alinipa shikamoo ndefu, akaniuliza afya, akasema ameshaongea na shemeji Melania. Wavuvi wamekubali kuendelea na mfumo, kwa sharti Mwalimu asiondoke. Nimepita dirishani. Kiti kina mto wa Gervasi tayari.

Jumamosi, 17 Mei

Kalinzi. Baridi, mlima, kapu kiunoni. Huku mambo yote kinyume: wanataka kahawa nyekundu, ya kijani inakataliwa. Siku mbili za kwanza nilichuma kijani kwa uhakika kabisa. Shemeji Melania anachagua punje moja moja, kama Gervasi mwenye kitenge. Kasema kapu langu likikataliwa tena, nitalala na mbuzi.

Nimechunguza. Mpokea kahawa ana kibao cheupe kilichopakwa duara jekundu. Anachukua punje, analinganisha na duara, anaamua. Kibao kinaning'inia nje ya mlango, hakina mlinzi.

Nimeongea na fundi Elia anayepaka madirisha ya kanisa. Rangi ya kijani anayo. Nusu kopo itatosha.