Kisiwa Kisichopigwa Picha

Sylvestre wa Songo, mtaa wa Uvira, hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako. Sylvestre alikuuzia kitu ambacho hakipo, nawe ukamshukuru. Kazi yake iliyojulikana ilikuwa kutengeneza simu, ndiyo maana Jumatatu ile alikuwa dukani kwa Abdoul-Karim, muuza vitenge, akibadilisha kioo cha simu huku masikio yamesimama.

Abdoul-Karim na rafiki zake wanne walikuwa wakipanga safari. Walikuwa wamenunua mbao za kuteleza juu ya mawimbi, na kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimefika na upepo wa kusini ulilichafua ziwa kila alasiri, walitaka kisiwa. Si kisiwa chochote, bali kile ambacho hakuna aliyewahi kukipiga picha, ili wao wawe wa kwanza kukirusha mtandaoni. Ufukwe wa Uvira, wenye mawimbi yale yale, waliudharau kwa sababu hata mama zao waliujua.

Sylvestre alimeza mate. Alimpenda Bénédicte mpaka ugali haupiti kooni, na mama yake Bénédicte alikuwa ameshatoa neno: Jumapili kijana aje na vitenge sita vya wax, la sivyo mlango utafunguliwa kwa mchumba mwingine. Na humu dukani vitenge vilikuwa vimepangwa mpaka darini.

“Kisiwa iko,” akasema bila kuinua kichwa. “Karibu na mulango wa muto Ruzizi. Hata ramani haikijue. Minye nilikanyaga pale na miguu yangu.”

Hilo la miguu lilikuwa kweli, na lilimpa sauti ya padri. Wiki iliyotangulia alikuwa amepita pale kwa mtumbwi, akaona kipande cha matete kipana kama uwanja wa shule, akashuka kukojoa. Mengine aliyabuni papo hapo: mawimbi yenye urefu wa orofa, samaki wanaojileta wenyewe, chifu asiyemsikiliza mtu ila Sylvestre. Ujira wa kuwaongoza ulikuwa vitenge sita. Vijana wakaanza kugombana nani atapigwa picha kwanza.

Aliyeuliza swali ni Mama Zaina, bibi yake Abdoul-Karim aliyekuwa ameketi pembeni mwa duka, ambaye ukoo wake umefanya biashara ziwani tangu enzi za babu wa babu zake. Alitaka kujua tu kama ardhi ya huko inabonyea kidogo mtu akikanyaga. Sylvestre akamhakikishia kwamba inabonyea vizuri kabisa, kama godoro. Bibi akatabasamu, akaibariki safari.

“Lakini sisi hatulipake mutu ku duka, mutoto yangu,” akasema. “Mwenye kuongoza analipwa kule anaongoza watu. Weye utatangulia na mali yako, utungojee.”

Sylvestre hakuona ubaya. Angetangulia, angesimamisha mtumbwi wowote unaopita, angetoweka na vitenge kabla ya wageni kufika. Jumamosi alfajiri mvuvi wa Mama Zaina akamshusha kwenye matete pamoja na furushi lililofungwa kamba mara saba, akaaga kwamba anawafuata wengine.

Sylvestre akakalia furushi, akacheka peke yake. Upepo wa milimani ulimpuliza mgongoni, mtamu kweli. Baada ya muda akaona Uvira imekuwa ndogo. Mwanzoni alilaumu macho yake, kisha akasimama akipunga mikono.

Mtoto yeyote wa mvuvi angemweleza: wakati wa mvua Ruzizi hung'oa matete pamoja na udongo wake, nayo huzurura ziwani, hupumzika penye maji mafupi, kisha huondoka upepo wa milimani ukizidi. Kisiwa kilikuwa kinakwenda Burundi, ng'ambo ya ziwa, pamoja na kiongozi wake.

Akafungua furushi ajifariji. Ndani mlikuwa na magunia matupu ya unga, mkate mmoja, na karatasi ya kuvukia mpaka, jina lake limeandikwa vizuri kwa kalamu. Mama Zaina hakupenda kuona mtu akisumbuliwa na watu wa uhamiaji.

Simu ikalia. Alikuwa Bénédicte. Abdoul-Karim, ambaye sasa alikuwa anangoja mawimbi ya bure kwenye ufukwe ule ule wa Uvira, mbele ya nyumba ya bibi yake, alikuwa amerusha video iliyopigwa na mvuvi, ya mtu akipunga mikono juu ya kisiwa, na mji mzima ulikuwa umeiona. Sylvestre akaandaa uongo mtamu kuliko wote aliowahi kusema, lakini msichana alikuwa akicheka kwa furaha.

“Mama ameona kisiwa yako,” akasema. “Anasema vitenge uache. Kesho anakuya na wajomba, uwaonyeshe.”

Maji yalikuwa yamemfika Sylvestre kwenye vifundo vya miguu.

“Wakuye leo,” akasema.