Neno la Bibi la Ndui

Alhamisi, 11 Aprili 1974
Bi Maurina wa chuo kikuu amefika kijijini na kinasa sauti. Anatafuta majina ya zamani ya maradhi, ayaweke kwenye ramani. Nikampa langu papo hapo: pigota, yaani ndui. Akasema ng'ambo ya kilima, kwa majirani zetu Waoksitani wenye lugha yao, Aimeric amemwambia picòta, na kwamba sisi Wakatalani tuliliazima kwao. Tuliliazima! Kwa Aimeric, ambaye ngazi yangu hajairudisha mpaka leo! Utotoni, kila nilipopata homa Bibi alinishika paji la uso, akinong'ona isije ikawa pigota. Mkono ulinukia kitunguu saumu. Vijana sasa wanautaja ugonjwa huo kwa Kifaransa. Nikifa mimi, nani atalisema? Lazima ramani iandike kuwa neno ni la kijiji chetu.

Jumamosi, 13 Aprili
Mpango upo. Shahidi ni Shangazi Quitèria, binti wa Bibi, aliyeugua ndui utotoni na makovu anayo. Nimemfundisha la kusema: neno ni la hapa hapa, tangu enzi na enzi. Kakubali, mradi ashibe konokono. Ninao kwenye ndoo, nimewanyima chakula kama inavyotakiwa ili matumbo yasafike, ila majani kidogo ya thaimu. Aimeric pia nimemwalika, aje aumbuke.

Jumatatu ya Pasaka, 15 Aprili
Moto wa matawi ya mizabibu, konokono wakichemka magambani, mafuta ya nguruwe yakidondoka juu yao. Kama zamani, Bibi akiwa hai. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Shangazi alikula sahani baada ya sahani, akafuta vidole. Kinasa sauti kikawashwa. Akasema neno alilisikia kwa mama yake. Safi! Kisha akaongeza kwamba mama yake aliolewa hapa kwetu akitoka ng'ambo ya kilima, kijiji cha kina Aimeric, akaja nalo. Nikakohoa kwa nguvu niharibu sauti. Wapi! Aimeric akanikumbatia: "Kumbe wewe ni wetu, binamu! Ulipotea tu."

Jumanne, 16 Aprili
Namkumbuka Bibi mlangoni jioni, akikitazama kile kilima. Nilidhani anatazama mvua. Kumbe alikuwa anakumbuka kwao. Laiti ningemuuliza.
Ila sasa nimeelewa. Kama Bibi ni wa kule, basi na neno la kule ni langu kwa urithi. Aimeric ndiye aliyeliazima! Napanda kilima sasa hivi, nikamwambie aache kulitumia bila ruhusa.