Nazi Themanini Kwenye Ziwa Kavu

Jumanne, 7 Aprili
Nimepata shamba! Bado halijajua kwamba ni langu, lakini litajua.
Ziwa letu la Kidongoni, huku Kisauni ndani, huu ni mwaka wa pili limekauka. Limebaki dimbwi la bata watatu. Pembeni ni ardhi nyeusi isiyo na mwenyewe. Jirani yangu Randu amekwisha kupanda viazi vitamu. Kahamia juzi tu kutoka Rabai, mwaka wa 1991, naye anitangulie mimi!
Jumapili wazee wa mtaa watapita na daftari kuandika nani ana nini pale. Viazi si kitu, viazi huliwa. Mnazi ndio hati. Pwani nzima inajua: mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukisimama kwenye kiwanja cha sultani.

Jumatano, 8 Aprili
Nazi huchukua miezi kuchipua. Mimi nina siku nne.
Nimeingia ghalani kutafuta jembe. Nyuma ya mlango, nazi themanini na makumbi yake! Ni za harusi ya binti yetu, Wardah. Mke wangu, Johari, kaziweka akiba. Alhamisi ijayo wanawake wa mtaa watakuja kuzikuna, na Ijumaa ni nikaha.
Nazi ikifukiwa nusu, nani atajua kama imeota? Naziazima tu. Wazee wakishaziona Jumapili, Jumatatu nazifukua, Jumanne ziko nyuma ya mlango. Nazi ina macho matatu, lakini alhamdulillahi haina mdomo.

Alhamisi, 9 Aprili
Johari alikwenda Kongowea kununua mchele. Nimepanda zote themanini. Mgongo si wangu tena.
Randu alikuja, akanitolea shikamoo, akasimama kutazama. Akasema kwao mbegu huchaguliwa iliyochipua, na hizi zangu anaziona zimeiva kwa ajili ya chungu cha kupikia. Wivu! Akauliza mbona nimezibananisha, nitapita wapi zikikua. Nikamjibu kwamba mwenye minazi hapiti, huketi.

Ijumaa, 10 Aprili
Baada ya sala limepita gari lenye kipaza sauti. Limetangaza kwamba mvua imenyesha sana bara, bwawa la juu limejaa, kesho alasiri litafunguliwa, na kila mwenye mali ziwani aiondoe. Watu wamecheka. Kwetu hapana hata wingu.
Randu hakucheka. Aliita mkewe na wanawe, wakaanza kuchimba viazi vya ukubwa wa vidole. Nimeugundua ujanja wake mara moja: anajitia hofu ili nami nihofu, nizitoe nazi, wazee wanikute mikono mitupu! Nikamwambia kwamba ziwa hili nimekaa nalo miaka sitini na minane na tabia yake naijua. Akasema hata mkewe amekaa naye miaka thelathini, na kila siku humjua upya.

Jumamosi, 11 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Alasiri yakaja maji ya bwawa.
Nimechomeka kijiti ukingoni na kuyaambia maji yakome hapo. Hayakukoma. Nimekihamisha kijiti mara tatu. Mara ya nne maji yameondoka nacho.
Johari kauliza mbona kanzu imelowa hadi kifuani. Nimesema nilikwenda kumtazama mgonjwa. Kauliza mgonjwa amelazwa kisimani?

Jumapili, 12 Aprili
Ziwa limejaa pomoni. Bata wamekuwa ishirini.
Nazi zangu zimeng'oka zote! Zilikuwa zikielea kwa mstari, kwa adabu, kama mahujaji, kuelekea upande wa Randu. Naye alikuwa ukingoni na gunia. Alipaza sauti kuniuliza nani kazifundisha kuogelea.
Wazee walifika na daftari. Wakauliza shamba langu ni lipi. Nikaonyesha katikati ya maji. Nikadai nazi zangu zirudi. Mwenyekiti wao akauliza, polepole, kama nilizipanda au niliziweka. Ikiwa nilizipanda, hiyo ni minazi, na minazi haitembei. Ikiwa niliziweka, basi sikupanda kitu, na nazi iliyoletwa na maji ni ya aliyeiokota.
Hapo nikamwona Johari nyuma yao. Alikuwa ametoka ghalani. Alisema, "Baba Wardah," basi. Kofi lingekuwa jepesi zaidi.

Jumatano, 15 Aprili
Siku ya tatu Johari hasemi nami. Huniletea maneno kupitia Wardah. Mvua imekata barabara na malori ya nazi hayafiki Kongowea. Wardah ana macho mekundu. Kaniuliza kama wakwe zake watapewa wali mkavu, wausimulie mpaka kwa wajukuu.
Nimependekeza tuwaambie wageni kwamba tui limekatazwa na madaktari. Johari, kupitia Wardah, kasema niende kwa Randu nikaombe.
Niombe! Mimi!
Nimekwenda. Kabla sijafungua mdomo, Randu alinionyesha magunia matatu, nazi zimeanikwa na kukauka. Kasema ni za Wardah, tangu siku ile alijua, kwa kuwa mkewe kaalikwa kuzikuna. Ila ana sharti moja: nikiri mbele ya Johari kwamba kuhusu maji yeye ndiye aliyekuwa sahihi.
Nikakataa, nikaondoka. Nimefika mlangoni pangu, nimemkuta Wardah kaketi kizingitini, anasubiri. 
Nikarudi kwa Randu, Wardah na mama yake nyuma yangu. Nimekiri. Johari alinitaka nirudie kwa sauti, kwa kuwa mke wa Randu hakusikia vizuri.

Ijumaa, 17 Aprili
Nikaha imefungwa. Wali wa tui zito, mbaazi, samaki wa kupaka. Wardah alicheka siku nzima. Johari kanipa sahani kwa mkono wake, akanikalisha karibu na Randu. Nimevumilia.
Kushoto kwangu alikaa baba wa bwana harusi, mtu wa huko juu, karibu na bwawa. Alikula mara tatu. Kati ya sahani ya pili na ya tatu alinieleza kwamba wameachilia maji mengi kupita kiasi, na sasa bwawa lenyewe limeshuka. Eti pembezoni pamejitokeza uwanja mpana, na hakuna aliyeugusa, kwani watu wanaogopa kwamba masika ndiyo kwanza yanaanza.
Wanaogopa! Sikumaliza chakula.
Nimekwisha kuyachambua makosa yangu yote, na kwa hakika ni moja tu: nazi huelea. Jiwe la kusagia la Johari halielei, na likifukiwa mpakani nalo ni hati. Nimelijaribu ndani ya pipa, limezama vizuri sana. Kesho asubuhi, inshallah, nakwenda kuwatembelea wakwe.