Fundi Cassian na Gemu ya Mama Verdiana

Cassian alikuwa fundi wa kila kitu alichokikuta kimeharibika, na hakuwahi kutengeneza hata kimoja. Siku ya gulio pale Nkwenda, mwaka 1997, alipita kwenye banda la gemu la Mama Verdiana akakuta vijana wamekaa nje wamenuna. Akashuka kwenye baiskeli haraka.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa ana nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeinunulia kaseti mpya kutoka Uganda, ya michezo mia. Kuichomeka tu, gemu ikazima. Sasa hata kaseti ya zamani haiitaki."

Moyo wa Cassian ulicheza. Ugonjwa huo aliujua: kaseti mpya ina uchafu, uchafu unaganda kwenye meno ya mashine, pale kaseti inapochomekwa. Ukipangusa kwa tone la gongo, gemu inaamka. Mtu mwaminifu angepangusa, akaomba chai. Cassian aliitaka mashine yenyewe.

Akaitegea sikio. Akainusa. Kisha akavua kofia.

"Pole, mama. Imekufa."

"Mawe, mama yangu! Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Mzee Gaudiosus hapa ni shahidi," alisema, akimgeukia muuza maharage wa jirani. "Ila nina huruma. Nipe nikachomoe spea, nikuachie hii baiskeli."

Verdiana alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasita kidogo kwa heshima ya marehemu, akakubali.

Cassian alikimbilia nyumba ya wageni yenye jenereta. Akapangusa meno ya mashine kwa gongo, iliyobaki akaimalizia kooni. Akawasha. Kimya. Akafungua skrubu: ndani kote kumeungua, na buibui ameshajenga humo. Hii haikuuawa na kaseti. Ilichomwa na umeme mkali wa betri ya lori, tena siku nyingi zilizopita.

Akarudi anafoka, mashine ndani ya gunia begani. "Mama, umenitapeli! Mashine imekufa!"

Mzee Gaudiosus akasimama, na vijana wakamzunguka Cassian. "Si ndivyo ulivyosema? Na mimi ni shahidi."

"Msimguse fundi wangu," Verdiana alisema, akifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo. "Watatu waliomtangulia wote waliniambia itapona. Huyu peke yake amesema ukweli."

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza Cassian kusifiwa kwa ukweli, na ilimuuma sana. Bibi mmoja akajipenyeza mbele, akambebesha redio isiyo na mfuniko.

"Na hii, mwanangu? Wewe ukisema imekufa, nitaamini."