Muhogo Wenye Mapigo Sitini na Nne

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepata saa. Ya mkononi, ya watu wa kukimbia. Nyuma inawaka taa ya kijani, inahesabu moyo. Injinia Gideon wa saiti tunakojenga kanunua mpya, hii akanipa mimi. Kaiunganisha na simu yangu, simu inatunza kila kitu. Kasema, chukua mzee wangu, ila mapigo inakosea, usiiamini. Sikumsikiliza. Mtu akipata kipya lazima akiseme cha zamani.

Naandika kwenye daftari la saiti lililobaki kurasa. Tangu mke wangu Biubwa afariki, mwaka wa sita huu, sina wa kumsimulia. Ukuta haucheki.

Saa naitaka kwa sababu ya Bi Mwanakheri. Yuko Kisarawe, anakaanga mihogo karibu na stendi. Mwaka jana tulijenga kule, miezi minne nikala kwake. Nimemtaka ndoa. Hakukataa. Kasema marehemu mumewe alianguka mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Presha. Hata mwenyewe hakujua kama anayo. Kasema, Mwinyijuma, mimi kuzika mara ya pili siwezi. Nionyeshe moyo mzima ndiyo tuongee.

Neno la haki. Tatizo Zahoro. Anaendesha tipa la mchanga, anakaa hukohuko, mke hana, saa anayo. Kamwonyesha mapigo sabini na mbili. Bi Mwanakheri kaniambia kwenye simu, moyo wa Zahoro umetulia kama maji ya mtungi. Mtungi!

Ijumaa ni Nane Nane. Jogging yetu ya mtaa wa Sofu imealikwa Kisarawe. Nitaenda na namba yangu.

Jumapili, 3 Agosti

Jogging asubuhi. Jirani yangu Dotto anaongoza nyimbo, sisi tunaitikia na kupiga makofi. Natazama saa. Mia sabini na nne.

Nikamwonyesha Dotto. Kasema, kwa mapigo hayo ungekuwa umelala mtaroni, na wewe ndiyo kwanza unaitikia kuliko wote. Akaleta wimbo wa polepole. Saa ikashuka, mia thelathini. Akaleta wa haraka. Ikapanda. Kasema, Mwinyi, hiyo inahesabu makofi.

Nikamwambia wivu huo. Nikaacha kupiga makofi nimkomeshe. Saa ikaleta vistari viwili. Yaani sina moyo kabisa.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini, tofali. Unajaza mchanga na saruji kwenye kalibu, unashindilia. Saa inasema mia hamsini na nane. Nikakaa kivulini na uji wangu. Mia sitini na moja. Uji!

Nikabana mkanda mpaka vidole vikafa ganzi. Arobaini na tisa. Nikalegeza. Mia mbili na tatu. Gideon kasema mkono wangu umeganda saruji, taa haipenyi. Nikajisugua kwa jiwe na sabuni ya kipande. Mia arobaini, na maumivu juu.

Jioni nimeogopa kidogo. Kama saa inasema kweli? Mume wa Bi Mwanakheri naye hakujua.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu mkubwa.

Dotto kaleta kiroba cha mihogo kutoka Gwata. Namsaidia kuchagua. Saa isichafuke nikaivua, nikaifunga kwenye muhogo mmoja, maana ulikuwa na unene sawa na mkono wangu. Taa ikawaka. Ikafikiri. Sitini na nne.

Nikasubiri. Sitini na tano. Sitini na nne. Muhogo umemshinda Zahoro.

Dotto kacheka mpaka kakaa juu ya kiroba. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa napanga.

Muhogo utavaa saa mpaka Ijumaa. Namba mbaya za nyuma Dotto kanifutia kwenye simu, kwa masharti kwamba yeye hayumo. Muhogo nimeulaza dirishani. Mimi nimelala chini yake. Tulivu sana, yule.

Jumatano, 6 Agosti

Mchana muhogo ukaanza kunyauka. Ukapanda sabini. Nikaunyunyizia maji, nikauzungumzisha. Sitini na nne.

Nimempigia Bi Mwanakheri. Nimemwambia kila alfajiri nakimbia mpaka Mlandizi na kurudi, na moyo haushtuki. Kasema, Mlandizi mbali, baba. Nikamwambia kwa wengine.

Alhamisi, 7 Agosti

Muhogo sitini na tatu. Mimi sijui.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Nimechelewa kuandika.

Tumefika Kisarawe asubuhi, begi lenye muhogo na saa nikaliacha kwenye basi. Tumekimbia na wenyeji, kile kilima kimetutoa ulimi. Zahoro naye alikuwepo, fulana nyeupe, anapiga makofi. Nikamwona anachungulia saa yake, kisha akatia mkono mfukoni. Nikamwelewa. Nikafurahi.

Kibandani kwa Bi Mwanakheri nikageuka pembeni, nikaivua saa kwenye muhogo ndani ya begi, nikaivaa. Nikatoa simu kama mtu anayetoa hati ya kiwanja. Bi Mwanakheri akamwita binti yake Raudha, nesi wa zahanati. Kanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa kifua. Akapekua simu. Kasema mapigo mazuri mno, hata wachezaji mpira hawana. Nikamtazama Zahoro kwenye benchi.

Kisha Raudha kauliza, ila baba, Jumatano Mlandizi ulipelekwa kwa machela? Nikauliza kwa nini. Kasema tangu Jumanne jioni hatua sifuri. Usingizi masaa sitini. Leo hatua kumi na moja, na hizo zote ziko kwenye muda wa basi.

Bi Mwanakheri kasema labda ni matuta.

Zahoro akacheka kama tipa linamwaga kokoto. Raudha akamshika mkono, akasoma saa yake. Mia hamsini na moja, na mtu amekaa kwenye benchi. Zahoro kasema ni kicheko. Raudha kasema na ile sabini na mbili ya mwezi uliopita ilikuwa nini, huzuni?

Wakati huo Bi Mwanakheri anatafuta kitambaa kwenye begi langu anifute jasho. Akatoa muhogo. Una alama ya mkanda, duara kamili. Yule mama kamenya mihogo miaka ishirini, hahitaji kuelezwa. Akauweka sikioni. Akauliza watu, jamani, huyu ndiye aliyenitumia posa?

Stendi nzima ilisimama. Nilitamani kuingia kwenye karai la mafuta.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha. Akanishika mkono, akamwomba Raudha amwonyeshe mahali pa mapigo. Vidole viwili. Akahesabu kwa midomo, kama anahesabu vipande vya mteja. Themanini na nane. Raudha kasema hizo ni za aibu, apumzishwe. Nikapumzishwa. Akaleta kipima presha chake, kile cha kufunga mkono kwa juu. Mia ishirini na mbili kwa sabini na nane. Kasema mzima huyu, mama.

Bi Mwanakheri akajifuta macho kwa mtandio. Kasema moshi. Moto ulikuwa umezimwa.

Zahoro akapimwa naye. Namba Raudha hakuitaja mbele za watu. Kamwambia tu kesho asubuhi zahanati, mjomba, usiendeshe tipa kwanza. Zahoro hakucheka tena. Kasema saa ilimwambia yuko sawa. Nikamwonea huruma.

Bi Mwanakheri akawasha moto upya, akaumenya muhogo wangu, akaukaanga. Nikampa Zahoro kipande changu. Raudha akamnyang'anya, kina chumvi.

Jumamosi, 9 Agosti

Bi Mwanakheri kapiga mwenyewe. Kasema, moyo wako mzima, kichwa ndiyo kimechacha, lakini kwa kichwa watu hawafi. Mshenga aje mwisho wa mwezi.

Nimeimba mpaka Dotto kagonga ukuta. Biubwa angecheka, angesema nimempata wa kunishika.

Sharti moja. Kila siku hatua elfu kumi, kwa miguu yangu, moyo usizeeke. Mapigo ya saa hataki kuyasikia tena. Hatua Raudha kasema saa haikosei sana. Kumbe jana kibandani alishaiunganisha na simu ya mama yake. Zahoro naye kapewa dawa na hatua hizohizo, anatembea kama jeshi.

Jumapili, 10 Agosti

Hatua elfu mbili mia tatu. Magoti yanauma. Nimekaa.

Mbuzi wa Dotto kapita. Kapita tena. Tangu asubuhi hajakaa, yule. Mguu wa mbele mwembamba, ila mkanda wa saa umefika tundu la mwisho.

Saa tisa alasiri, hatua elfu tisa na kitu. Bi Mwanakheri kapiga kunipongeza, sauti imejaa raha. Kauliza niko wapi. Nikamwambia njiani, natembea. Mbuzi akalia hapohapo. Nikamwambia ni mwenzangu wa jogging, amechoka.

Saa kumi na mbili. Dotto anamtafuta mbuzi wake. Mbuzi kaonekana barabara ya Mlandizi, anakwenda mbio na saa yangu mguuni.

Basi kumbe sikusema uongo.